Mtoto Si wa Bibi: Mdogo Wangu Alivyofundishwa Umama Akiwa na Miaka 17

Haya wadau, leo sina umbea wa nani kaachana na nani. Leo naongea la nyumbani kwetu, na majina yote kapuni.

Si mnajua staa akishika mimba mambo yanavyokuwa? Picha za tumbo ufukweni na gauni refu linapepea, maputo, keki ya ghorofa mbili, mashoga wamevaa sare, na sisi huku chini tunamwaga makopakopa. Kila komenti ni "hongera mama kijacho". Sasa chukua tumbo lile lile, la miezi ile ile, liweke kwa binti wa kidato cha tatu Mbagala. Keki hamna. Kuna dera kubwa la kuazima, kuna kujifungia chumbani wageni wakija, na kuna majirani wanaohesabu miezi kwa vidole.

Na binti huyo si mmoja. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 22 ya wasichana wa Tanzania wenye miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshawahi kupata mimba. Yaani wakikaa wasichana watano kwenye benchi, hesabu inakaribia mmoja na kuzidi. Kwa hiyo hata kama kwenu halijatokea, liko kwa jirani, liko kwa shangazi, liko kwa yule binti anayekuuzia vocha.

Tukiongea habari za mabinti hawa huwa tunauliza maswali mawili tu. Nani kampa mimba? Na shule itakuwaje? Maswali ya maana, sibishi. Lakini katikati hapo kuna mtu wa tatu ambaye hana hata jina bado, na yeye anahitaji mama. Anamhitaji huyo huyo wa miaka 17. Na hakuna anayejisumbua kumfundisha binti huyo umama. Tunamfundisha aibu, halafu mtoto akizaliwa tunampokonya tukiamini tumemsaidia.

Nyumbani kwetu ilibaki kidogo tufanye hivyo hivyo.

Kliniki ya kwanza, na ya pili

Mdogo wangu alipata mimba 2022, akiwa kidato cha tatu. Kijana mwenyewe aliposikia, akaingia mitini. Sheria tangu 2016 inasema anayempa mimba mwanafunzi ni jela miaka 30, kwa hiyo kwao wakamsafirisha usiku, mpaka leo simu haipatikani. Tukabaki sisi wanawake watatu: mama, mimi, na mwenye tumbo lake. Mimi nilikuwa na miaka 26, nina saluni yangu ndogo ya kusuka, naishi vyumba viwili mitaa miwili kutoka kwa mama.

Kliniki ya kwanza alienda peke yake. Nesi akaipokea kadi, akasoma umri kwa sauti benchi zima lisikie, akasema, "Raha kashazionja, sasa acha aone utamu wake." Wamama wakacheka. Wengine hawakucheka, lakini hakuna aliyesema kitu. Mdogo wangu akarudi nyumbani, kadi akaificha chini ya godoro, na kwa miezi miwili hakukanyaga tena pale.

Watu wanaona ni maneno tu, yanapita. Hayapiti. Shirika la Afya Duniani linasema mama mwenye miaka 10 hadi 19 yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kifafa cha mimba na maambukizi ya baada ya kujifungua kuliko mama wa miaka ya ishirini na kidogo, na mtoto wake ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuzaliwa njiti au na uzito mdogo. Tangu 2016 shirika hilo linashauri mama mjamzito aonwe na mtaalamu angalau mara nane. Kwa hiyo anayetakiwa kupimwa presha mara nyingi ndiye huyo huyo tunayemfukuza kwa kejeli. Halafu yakimkuta tunasema "ni mapenzi ya Mungu".

Nilipoiona ile kadi chini ya godoro nilimpeleka zahanati nyingine, daladala mbili. Huko tukakutana na nesi mtu mzima, miwani imeshuka puani, sauti ya taratibu. Alikuwa na utaratibu wake: kila Alhamisi mchana, foleni ikishaisha, anatoa benchi mbili nje chini ya mwarobaini, anakaa na mabinti wadogo peke yao. Siku nyingine wako watano, siku nyingine tisa. Alhamisi saluni kwangu huwa imepoa, kwa hiyo nikawa namsindikiza.

Kitu cha kwanza nilichokiona: alimwita kila mmoja "mama". "Karibu mama, kaa hapa kivulini." Mdogo wangu akageuka nyuma kuangalia nani anaitwa.

Darasa chini ya mwarobaini

Msidhani lilikuwa darasa la kwenye runinga. Hakukuwa na projekta wala soda. Kulikuwa na kanga kuukuu iliyoviringishwa ikafungwa kamba, ndiyo mtoto. Wakafundishwa kumbeba kichwa kikiwa kimeshikiliwa, kumweka tumbo lake kwenye tumbo la mama, kumsubiri aachame mdomo kisawasawa, kidevu kiguse titi, asikamate chuchu peke yake. Mabinti wakacheka mpaka machozi. Ile kanga ilidondoka mara tatu. Nesi akasema, "Idondoke leo, siku yenyewe haitadondoka."

Wakafundishwa dalili za hatari mpaka wakaziimba: kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba, kutoka damu, mtoto kuacha kucheza tumboni. Ukiona moja, usisubiri asubuhi, usiulize kwanza nani atakasirika. Kimbia hospitali.

Halafu likaja somo lililonishangaza mimi mwenyewe. Nesi aliwaambia waongee na tumbo. Mdogo wangu akauliza, "Nimwambie nini sasa?" Akajibiwa, "Msimulie siku yako. Hata mtihani wa hesabu ulivyokushinda, mwambie tu."

Mimi nilidhani ni maneno ya kutuliza watu, kumbe lina ushahidi. Mwaka 1980 huko Marekani watafiti wawili, DeCasper na Fifer, waliwapima watoto ambao hawajamaliza siku tatu tangu wazaliwe. Waliwapa chuchu bandia iliyounganishwa na mashine ya sauti: wakinyonya kwa mtindo huu wanasikia sauti ya mama yao, wakinyonya kwa mtindo ule wanasikia mwanamke mwingine. Watoto wakabadilisha unyonyaji wao ili wamsikie mama. Siku tatu tu duniani, na tayari ana chaguo lake. Hajali mama ana miaka 17 au 37. Hajali kama ana pete. Anamjua huyu, basi.

Basi usiku nikawa namsikia chumbani anaongea peke yake. Anamsimulia tumbo tamthilia aliyoangalia jioni, nani kamsaliti nani. Nilikuwa nacheka kimyakimya ukutani.

Kifuani

Mtoto alikuja kabla ya wakati, Februari 2023. Kilo moja na gramu 750. Mdogo wangu alimwona, akaangalia pembeni. Mimi nilimwona, nikaogopa hata kumgusa. Alikuwa na mikono kama vijiti vya kiberiti.

Wakamweka kwenye chumba cha mama kangaruu. Kwa asiyejua: mtoto anabaki na nepi, kofia na soksi tu, anawekwa kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, katikati ya matiti, anafungwa na kitambaa, anakaa hapo mchana na usiku. Joto la mama ndilo linalomtunza. Njia hii ilianza 1978 kwenye hospitali moja ya Bogotá, Colombia, ambako mashine za kuwatunzia njiti zilikuwa hazitoshi, na daktari Edgar Rey akaona badala ya kuwalundika watoto kwenye mashine moja, bora kifua cha mama kifanye kazi hiyo. Ilianza kama njia ya wasio na vifaa. Leo inatumika mpaka kwenye nchi tajiri.

Na sisi tuna sehemu yetu kwenye stori hii. Utafiti mkubwa uliotoka 2021 ulifanyika kwenye hospitali za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, kwa watoto wenye uzito wa kuanzia kilo 1 mpaka karibu kilo 1.8. Waliowekwa kifuani mapema, bila kusubiri kwanza hali zao zitulie, vifo vyao ndani ya siku 28 za mwanzo vilipungua kwa kama robo ukilinganisha na waliosubirishwa. Robo, jamani. Kwa kifua tu, na maziwa ya mama, na wahudumu wanaofuatilia.

Mtoto wetu alikuwa wa uzito huo huo. Kwa hiyo binti wa miaka 17, ambaye mtaa mzima ulishamhukumu kuwa hawezi kitu, ndiye aliyekuwa mashine. Bila yeye kukaa pale kitandani, mgongo unauma, jasho linatoka, hakuna mtoto.

Ila usiku wa tatu alinishika mkono akaninong'oneza, "Dada, mbona sisikii kitu? Wenzangu humu wanalia kwa furaha. Mimi namwona kama mtoto wa mtu nimepewa nishike."

Nilikosa jibu. Nikampigia yule nesi wa mwarobaini. Akaomba aongee naye mwenyewe, nikaweka spika chini kwa chini. Akamwambia: "Mwanangu, mapenzi ya mtoto si LUKU kwamba ukiingiza namba umeme unawaka hapo hapo. Kuna wanaompenda siku ya kwanza, kuna wanaompenda wiki ya tano. Wewe endelea kumshika. Mikono itangulia, moyo utafuata." Kisha akamwelekeza kwamba kulialia na kujisikia mzito siku za mwanzo kunawapata kina mama wengi na huwa kunaisha ndani ya wiki mbili. Lakini kukizidi hapo, au ukikosa kabisa usingizi hata mtoto akiwa amelala, au ukipata mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, hiyo inaweza kuwa sonona. Ni ugonjwa wenye tiba, na unaenda kusema hospitali kama unavyosema una malaria.

Nawaandikia haya kwa urefu makusudi. Kuna mabinti wanaodhani kwa kuwa hawakusikia kitu siku ya kwanza, basi wao ni watu wabaya. Na kuna ndugu wanaokuja kuona wodini wanasema, "Mnaona? Hata hampendi mtoto, ni mtoto mwenzake." Hawajui kwamba yule binti ndiyo kwanza anaanza kazi.

Alimpenda lini? Mwenyewe anasema ni wiki ya tatu. Mtoto alikuwa analia kwa nesi aliyekuwa anampima, aliporudishwa kifuani akanyamaza papo hapo. Mdogo wangu akanitazama akasema, "Kanijua." Tangu siku hiyo hakuna aliyemwambia avae kitambaa cha kangaruu. Anavaa mwenyewe.

Weka simu chini

Tulipotoka hospitali tulirudi kwenye darasa la mwarobaini, safari hii na mtoto wa kweli. Nesi akawapa sheria moja ambayo najua itawauma wengi humu: ukimnyonyesha, weka simu chini.

Mtoto mchanga haoni mbali. Anaona vizuri kitu kilicho kama sentimita 20 hadi 30 kutoka machoni mwake. Pima kutoka titi mpaka uso wa mama. Ndiyo hiyo hiyo. Yaani kwa wiki hizo za mwanzo, uso wako ndio ukurasa wake, ndiyo habari yake yote. Halafu wewe uko TikTok.

Kuna jaribio la mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Tronick, lilianza miaka ya 1970, video yake imezagaa mtandaoni. Mama anacheza na mtoto, wanachekeana. Halafu anaambiwa akaushe uso, amwangalie mtoto bila kuonyesha chochote, kwa dakika chache tu. Mtoto anatabasamu kumwamsha. Haamki. Ananyoosha vidole. Kimya. Anajipinda, anageuka pembeni, mwisho analia. Mama akirudi kuwa mama, mtoto anapoa. Nilimwonyesha mdogo wangu. Aliifuta machozi halafu akauliza, "Kwa hiyo na mimi nikiwa na mawazo, ananiona?" Ndiyo mdogo wangu, anakuona. Ila utamu wa ile video uko mwishoni: mama anarudi, na wanaanza upya. Hakuna anayetakiwa kuchangamka saa 24. Kinachotakiwa ni kurudi.

Mtoto akilia mnyanyue. Hadeki, ana wiki sita, atadekea nini? Mwite jina lake. Akitoa sauti, mjibu kama mtu anayeongea. Mwogeshe wewe mwenyewe. Mambo madogo, ya bure, lakini kila moja lazima lifanywe na mikono ile ile kila siku. Na hapo ndipo balaa la nyumbani kwetu lilipoanzia.

"Mwangalie dada yako"

Mama yangu ni mwanamke mchapakazi na anatupenda, niseme hilo kabla ya yote. Tuliporudi kutoka hospitali alihamishia kila kitu chumbani kwake. Beseni, nepi, mafuta, mpaka mtoto. Mdogo wangu akawa anaitwa kunyonyesha kama anayeitwa kupokea simu: njoo, nyonyesha, rudi kalale. Mama alitaka kumpa mtoto gripu wota na vijiko vya maji, tukagombana, maana hospitali walisema maziwa ya mama matupu mpaka miezi sita, hata maji hapana. Hilo alikubali kwa shingo upande.

Halafu siku moja nilimsikia anamrusharusha mtoto, anamwambia, "Mwangalie dada yako anakuja."

Dada yako. Mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni na kanga ya kunyonyeshea begani. Hakusema kitu. Alimchukua, akanyonyesha, akamrudisha.

Mpango wa mama nikaujua baadaye: mtoto atakuwa kitindamimba chake. Ana miaka 42, nani atabisha? Binti akimaliza miezi sita ya kunyonyesha apelekwe shule ya bweni mkoani ambako hakuna anayemjua, aanze maisha kama vile hakuna kilichotokea.

Kwa mtu wa nje inaonekana ni busara. Na nyumba nyingi ndivyo zinavyofanya, kwa nia njema kabisa. Ila mimi nina sababu yangu ya kulikataa hilo.

Mama alinizaa mimi akiwa na miaka 16. Nimelelewa Korogwe na bibi, nikimwita bibi "mama". Kulikuwa na msichana mmoja anakuja sikukuu kutoka Dar, ananiletea viatu na biskuti, ananiangalia sana, na mimi nilimwita "dada". Nilijua ni mama yangu nikiwa na miaka saba, kwa mtoto wa jirani aliyenitukania kisimani. Bibi alinilea vizuri, Mungu amrehemu, sikukosa chakula wala mapenzi. Lakini mimi na mama tulikuja kujuana ukubwani kama wapangaji wa nyumba moja. Tunaheshimiana. Tunapigiana simu. Mpaka leo kukumbatiana kwetu kuna kigugumizi.

Siku hiyo jioni nilikaa naye nje, anachambua mchele. Nikamuuliza, "Mama, ulipokuwa unakuja Korogwe nikakuita dada, ulikuwa unajisikiaje?"

Ungo ukasimama. Alikaa kimya muda mrefu, nikadhani hatajibu. Kisha akasema, "Nilikuwa nakaa chooni nalia, halafu nanawa uso, natoka." Akaendelea kuchambua. Baadaye akaongeza, "Walisema ndiyo njia ya kunisaidia."

Sikuongeza neno. Hakukuwa na haja.

Asubuhi yake beseni lilirudi chumbani kwa mdogo wangu. Hakuna kikao kilichoitwa, hakuna hotuba. Ila mama hakuondoka na mikono mitupu, na hapa ndipo nilipojifunza kitu. Alibadilisha kazi. Badala ya kumchukua mtoto, akawa anamchukulia mama yake kazi nyingine zote: anafua nepi, anapika mtori na uji wa pilipili manga, anamkanda maji ya moto mpaka arobaini ilipotimia, anamwambia "lala, nitakuamsha akitaka nyonyo". Mtoto alipokaza shingo akamfundisha kumfunga mbeleko isiyolegea, na nyimbo za kubembeleza ambazo bibi wa Korogwe alikuwa ananiimbia mimi. Nilizikumbuka zote.

Bibi anatakiwa kumlea mama, ili mama amlee mtoto. Hilo ndilo ningependa lichapishwe kwenye kila kadi ya kliniki.

Na shule je?

Najua kuna anayeuliza: sasa akishikamana na mtoto hivyo, shule si ndiyo basi? Hapana. Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba wanafunzi waliokatisha masomo, wakiwemo waliojifungua, wanaruhusiwa kurudi kwenye mfumo rasmi wa shule. Mlango uko wazi. Januari 2024, mtoto akiwa na miezi kumi na moja, mdogo wangu alirudi kidato cha tatu, shule ya kutwa, siyo bweni. Alivaa sketi ya shule mikono inatetemeka.

Ananyonyesha alfajiri kabla ya daladala, na akirudi kabla hajavua hata soksi. Mchana mtoto yuko kwa bibi yake, na bibi anajua yeye ni bibi. Siku za mwanzo alirudi na blauzi imelowa maziwa, wenzake wakamcheka, akavaa sweta kwenye joto la Dar mwezi mzima. Hakuacha. Alinambia, "Zamani nilikuwa nasoma kwa kuogopa fimbo. Sasa kuna mtu ananisubiri mlangoni." Sisemi ni rahisi. Kuna usiku mtoto ana homa na kesho kuna mtihani, na mtihani unafanywa na macho mekundu. Lakini mtoto hakumzuia. Aibu ndiyo ilitaka kumzuia.

Kwa hiyo wewe unayesoma hapa, ambaye nyumbani kwenu kuna binti kajifungia chumbani na dera la kuazima, sikuambii umpigie makofi. Kukasirika kasirika, mwezi wa kwanza. Halafu mtafute nesi asiyetukana, hata kama ni daladala mbili. Msindikize. Mwache mtoto kifuani kwake. Akisema hasikii kitu, usimshangae, kaa naye, na wiki mbili zikipita bado mzito, mpeleke hospitali. Fua nepi. Na mwite mama fulani, kwa jina la mwanawe, mbele za watu, mpaka alizoee yeye na walizoee wao.

Wetu sasa ana miaka miwili na anaongea kama redio. Mdogo wangu yuko kidato cha nne, na mtoto anamwita mama. Mama yangu anamwita bibi. Mimi ananiita ma'mkubwa, na akitaka biskuti ananiita mara tatu. Kila mtu nyumbani kwetu ana jina lake.

Kwenu ilikuwaje? Majina wekeni kapuni, stori leteni.